Kupima Maarifa ya Falaki: Hotuba kwa Watazamaji Nyota wa Ridhaa

Ndugu Mwenyekiti, wanachama wenzangu, na wageni wetu waalikwa,

Nimeombwa nieleze jinsi jaribio la maarifa ya jumla ya falaki linavyopaswa kutungwa kwa ajili ya watu kama sisi, yaani wale wanaoitazama mbingu kwa kupenda tu na bila kulipwa, ambao baadhi yao wana darubini nzuri na wengine hawana kifaa chochote isipokuwa macho na subira. Msimamo wangu nitautoa mapema, ili anayekusudia kuupinga apate muda wa kupanga hoja zake. Naona kwamba majaribio mengi tunayopeana hupima kumbukumbu ya majina na tarakimu, jambo ambalo mtu yeyote mwenye kitabu anaweza kulimudu bila kutoka chumbani, ilhali mtazamaji nyota ana nafasi ya pekee ya kwenda nje na kuiuliza mbingu. Kwa hiyo swali linalomfaa ni lile ambalo, akibishana na mtahini juu ya jibu lake, wote wawili wanaweza kutoka uani wakaamuliwa na kile wanachokiona.

Chukueni swali linalopendwa sana: ni nani aliyegundua Pluto, na mwaka gani? Jibu ni Clyde Tombaugh, mwaka 1930, katika kituo cha uchunguzi wa anga cha Lowell huko Arizona, Marekani. Sina ugomvi na jibu hilo, lakini anayelitoa bado hajatuonyesha kwamba anajua lolote kuhusu anga. Sasa ligeuzeni. Tombaugh alikuwa na picha mbili za eneo lilelile la mbingu, zilizopigwa tarehe 23 na 29 Januari mwaka huo, zikiwa zimejaa nukta za nyota zisizohesabika kwa urahisi, na alizitazama kwa mashine iliyomwonyesha picha ya kwanza na ya pili kwa kupokezana haraka haraka. Je, alikuwa akitafuta nini? Mtahiniwa atakayejibu kwamba alikuwa akitafuta nukta iliyohama huku nyingine zote zikiwa zimetulia mahali pake, amelishika jambo la msingi kuhusu sayari, kwamba ziko karibu nasi kiasi cha kuonekana zikisogea mbele ya nyota za mbali. Naye anaweza kulishuhudia jambo hilo bila mashine yoyote, kwa kuchora nafasi ya Mirihi miongoni mwa nyota jirani kwa wiki kadhaa. Tukio la kihistoria ni lilelile, ila safari hii mtahiniwa amelazimika kulitumia.

Nikiambiwa nichague mada moja tu ya kumpima mtazamaji nyota, nitachagua awamu za Mwezi, kwa kuwa hakuna kitu cha angani kinachotazamwa na watu wengi zaidi na kueleweka na wachache zaidi. Ukimuuliza mtu kwa nini Mwezi huonekana nusu, uwezekano ni mkubwa kwamba atakuambia ni kivuli cha Dunia kilichoufunika sehemu iliyobaki. Jibu hilo lina mvuto wake, kwa sababu linatumia vitu vya kweli: Dunia kweli ina kivuli, na Mwezi kweli huingia ndani yake nyakati fulani. Hata hivyo linaporomoka alasiri yoyote ambayo Mwezi wa robo ya kwanza, yaani Mwezi wa nusu unaoendelea kukua, unaonekana upande mmoja wa anga na Jua upande mwingine, kwa maana kivuli cha Dunia siku zote huelekea upande ulio kinyume kabisa na Jua, na Mwezi uliosimama pembe mraba na Jua hauwezi kukifikia. Yule aliyelitambua hili anastahili swali la pili, ambalo ni gumu zaidi: ikiwa Mwezi mpevu ndio ulio mkabala na Jua, mbona haupatwi kila mwezi? Hapo tutajua kama amesikia kwamba njia ya Mwezi imeinama kwa takriban nyuzi 5 kuhusiana na njia ya Dunia kulizunguka Jua, hivyo mara nyingi Mwezi hupita juu au chini ya kivuli hicho.

Kuna njia nyepesi zaidi ya kuupima uelewa uleule, nayo mimi naipenda kuliko zote. Mpeni mtahiniwa mchoro wenye hilali iliyo utosini mwa mbingu, saa sita usiku, na nyota moja iking'aa katikati ya pembe zake mbili, kisha mwambieni ataje makosa ya mchoraji. Kosa la kwanza ni kwamba hilali haiwi mbali na Jua angani, na kwa hiyo huonekana magharibi baada ya machweo au mashariki kabla ya mapambazuko, wala haiwezi kuwa utosini usiku wa manane mahali popote duniani. Kosa la pili ni kwamba nafasi iliyo kati ya pembe si tupu, maana pale pamekaa sehemu ya Mwezi isiyoangazwa na Jua, na nyota haiwezi kuonekana kupitia jiwe lenye upana wa kilomita zaidi ya 3,400. Hakuna tarakimu iliyohitajika kukaririwa, lakini asiyewahi kuufuatilia Mwezi kwa makini atabaki akiutazama mchoro huo asione kasoro yoyote. Vivyo hivyo swali la kwamba Mwezi wa robo ya kwanza huchomoza saa ngapi. Mwenye picha ya mambo kichwani atapiga hesabu na kusema ni karibu na saa sita mchana, na mwenye kukariri atatafuta jibu katika orodha ambayo hakuisoma.

Mada ya pili kwa utajiri ni majira ya mwaka. Katika miaka ya 1980 watafiti wa elimu ya sayansi waliwahoji wahitimu wa chuo kikuu cha Harvard siku ya mahafali yao, wakiwa bado wamevaa majoho, wakawauliza kwa nini kuna kipindi cha joto na kipindi cha baridi. Wengi wao walieleza kwa kujiamini kabisa kwamba Dunia hukaribia Jua wakati wa joto na kulikimbia wakati wa baridi. Ukweli ni kwamba Dunia huwa karibu zaidi na Jua mwanzoni mwa Januari, kwa umbali wa takriban kilomita milioni 147, wakati nchi za kaskazini zimo katika baridi kali, na huwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kwa takriban kilomita milioni 152. Sababu halisi ni kuinama kwa mhimili wa Dunia kwa nyuzi 23.4, kunakofanya nusu moja ya Dunia ipate mwanga ulio wima zaidi na mchana mrefu zaidi, huku nusu nyingine ikipata kinyume chake.

Nalitaja tukio hilo, si kwa nia ya kuwacheka wahitimu, bali kwa sababu linafunua hatari iliyojificha ndani ya swali la kuchagua jibu. Kama mtahini ataandika tu kwamba majira husababishwa na kuinama kwa mhimili, kweli au si kweli, karibu kila mwanachama atasema kweli, kwa kuwa maneno hayo ameyasikia tangu shule ya msingi. Lakini mwulizeni afafanue, na wengine watawaambia kwamba kuinama huko kunaisogeza nusu moja ya Dunia karibu na Jua. Yaani wamelipokea jibu sahihi na kulipachika juu ya wazo lao la zamani, ambalo halikuwahi kuondoka. Philip Sadler, mmoja wa watafiti waliosimamia mahojiano yale, alitumia miaka mingi kuunda maswali ambayo majibu yake yasiyo sahihi yamechukuliwa kutoka katika maelezo ya wanafunzi wenyewe. Naomba nasi tufuate desturi hiyo. Jibu la uongo lililobuniwa na mtahini mezani pake halimvutii mtu yeyote, na hivyo hufanya swali liwe rahisi bila sababu. Jibu la uongo lililotoka kinywani mwa mtu aliyeliamini humvuta kila mwenye imani kama yake, na mtahini akapata kujua ni wazo gani hasa linalohitaji kurekebishwa.

Kuhusu kubahatisha nitasema kwa kifupi, ingawa jambo lenyewe halina wepesi. Mwaka 2012 ulifanyika utafiti nchini Marekani, ukaripotiwa na wakfu wa taifa wa sayansi wa nchi hiyo, ambapo takriban robo ya waliohojiwa walishindwa kujibu ipasavyo kama Dunia hulizunguka Jua au Jua huizunguka Dunia. Magazeti yalishtushwa na ile robo. Mimi nilishtushwa zaidi na robo nyingine ambayo haikutajwa: swali lenye majibu mawili humpa asiyejua nafasi moja kati ya mbili, na kwa hiyo, ikiwa walioshindwa walikuwa wakibahatisha, basi yamkini idadi inayokaribiana na hiyo walibahatisha pia na wakapata. Jaribio letu lenye maswali 20 ya majibu manne litampa alama 5, kwa wastani, mtu aliyejibu akiwa amefumba macho. Ndiyo maana napendekeza kila jibu liambatane na alama ya pili ambayo mtahiniwa ataiweka mwenyewe: je, ana hakika, anadhani, au anabahatisha? Aliyekosa huku akiwa na hakika anahitaji mazungumzo tofauti na aliyekosa huku akikiri kwamba hajui, na alama ya jumla peke yake haiwezi kuwatenganisha hao wawili.

Makosa yenye hakika ndiyo yanayojaa miongoni mwetu watazamaji wa ridhaa, pengine kuliko kwa watu wasiojali anga kabisa, kwa kuwa sisi tumesikia mengi. Wapo wanaoapa kwamba Polaris, nyota inayoonyesha kaskazini, ndiyo nyota angavu kuliko zote, ilhali ina mwangaza wa wastani tu na zipo nyota nyingi zinazoizidi. Nyota angavu kuliko zote usiku ni Sirius, na inayoifuata ni Canopus. Wapo wanaosema sayari yenye joto kubwa zaidi ni Utaridi kwa kuwa iko jirani zaidi na Jua, wakisahau kwamba Zuhura imefunikwa na angahewa nzito ya kaboni dioksidi inayozuia joto kutoka, hata uso wake ukafikia takriban nyuzi 465 za Selsiasi. Wapo wanaoamini kwamba Mwezi unapochomoza huwa mkubwa kweli kuliko unapokuwa juu. Huyu wa mwisho ni rahisi kumponya: anyooshe mkono wake, aufunike Mwezi kwa ncha ya kidole kidogo wakati unachomoza, arudie saa chache baadaye, naye ataona kwamba kidole kilekile kinatosha, kwa sababu Mwezi haufiki hata upana wa nyuzi 1 angani katika nyakati zote mbili.

Swali la idadi ya nyota linastahili kutuliwa kwa muda zaidi. Mwulizeni mtu ni nyota ngapi zinazoonekana kwa wakati mmoja, kwa jicho tupu, usiku wa giza usio na Mwezi. Wengi watasema mamilioni, na wenye haya watasema malaki. Orodha mashuhuri ya nyota angavu iliyoandaliwa katika chuo kikuu cha Yale ina nyota zipatazo 9,100 kwa mbingu nzima, na nusu ya mbingu siku zote iko chini ya upeo wa macho, na nyota zilizo karibu na upeo hufifishwa na angahewa. Kwa hiyo jibu la haki ni elfu mbili hadi elfu tatu na kidogo. Nani atalikubali jibu hilo kwa kuambiwa? Basi asiambiwe. Apewe bomba la karatasi ngumu ambalo urefu wake ni mara tano ya upana wake. Akilitazamisha mbinguni, bomba hilo humwonyesha takriban sehemu moja kati ya 200 ya anga iliyo juu ya upeo wa macho. Ahesabu nyota anazoziona ndani ya bomba akielekeza pande kumi tofauti, atafute wastani, kisha azidishe kwa 200. Akipata wastani wa nyota 12, ana nyota 2,400. Mahali penye taa nyingi anaweza kupata wastani wa nyota moja au mbili tu, na hapo atakuwa amepima, bila kukusudia, jinsi taa zinavyotunyang'anya mbingu.

Sasa nafika kwenye lawama ambayo naielekeza kwa watunzi wa maswali. Vitabu vingi vya watazamaji nyota vimeandikwa na watu wanaoishi mbali kaskazini mwa ikweta, na maswali yao hudhani kwamba kila mtu amesimama walipo wao. Wanauliza ni upande upi wa Mwezi unaoangazwa katika robo ya kwanza, na jibu lao ni upande wa kulia. Kwa aliye kusini, mbali na tropiki, jibu ni upande wa kushoto. Kwa aliye karibu na ikweta, sehemu yenye mwanga huelekea juu Mwezi unapochomoza na huelekea chini unapotua. Wanauliza nyota huzunguka kwa mwelekeo gani kuizunguka ncha ya mbingu, yaani ile nukta ya anga isiyosogea usiku kucha, na kusahau kwamba anayeitazama ncha ya kaskazini huziona zikizunguka kinyume na mishale ya saa, na anayeitazama ncha ya kusini huziona zikienda pamoja na mishale. Wanaambia watu watafute Polaris, nyota ambayo mtu aliye kusini mwa ikweta haioni kabisa, badala ya kumwelekeza kwenye Salibu ya Kusini, ambayo mhimili wake mrefu ukiongezwa takriban mara nne na nusu humfikisha karibu na ncha ya kusini ya mbingu.

Tiba yake si kuyaondoa maswali ya namna hiyo, maana ni mazuri mno. Tiba ni kutaja mahali ndani ya swali, au, afadhali zaidi, kuligeuza mahali kuwa ndicho kinachoulizwa. Kwa mfano: mtu anasema ncha ya mbingu anayoiona iko nyuzi 35 juu ya upeo wa macho, na nyota huizunguka pamoja na mishale ya saa, yuko wapi duniani? Anayefahamu kwamba kimo cha ncha ya mbingu ni sawa na latitudo ya mtazamaji atajibu kwamba mtu huyo yuko kwenye latitudo ya nyuzi 35 kusini, na atakuwa ametumia hoja ileile ambayo mabaharia waliitegemea kuvuka bahari. Au ulizeni ni nani kati ya watu watatu, mmoja akiwa kwenye ikweta, mwingine kwenye latitudo ya nyuzi 20, na wa tatu kwenye nyuzi 40, ambaye Jua la adhuhuri haliwahi kufika utosini mwake siku yoyote ya mwaka. Ni wa tatu peke yake, kwa kuwa Jua halivuki nyuzi 23.4 kaskazini wala kusini.

Yapo pia maswali yanayochacha yakiwekwa. Aliyeulizwa kabla ya mwaka 2006 kuna sayari ngapi alijibu 9 na akapewa alama. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipokutana Prague mwaka huo, Pluto ikawekwa katika kundi la sayari kibete, na jibu likawa 8. Swali la sayari gani ina miezi mingi zaidi limewayumbisha watahini wengi, kwani Mshtarii na Zohali zimekuwa zikipokezana nafasi hiyo kadiri darubini zinavyoboreshwa. Mwezi Machi 2025 Zohali iliongezewa miezi 128 kwa mkupuo mmoja na kufikisha 274. Idadi ya makundinyota, 88, ni imara zaidi kwa kuwa ni makubaliano ya watu: orodha yake ilipitishwa mwaka 1922, na mipaka iliyochorwa na Eugène Delporte ikachapishwa mwaka 1930. Kwa maoni yangu, maswali ya idadi yasizidi mawili katika jaribio zima, na kila moja liwe na tarehe pembeni.

Kuhusu vifaa, swali moja linatosha. Matangazo ya darubini ndogo huahidi ukuzaji wa mara 500 na zaidi, na mnunuzi huvutwa na tarakimu hiyo. Mwulizeni mtahiniwa darubini yenye lenzi ya milimita 60 inaweza kukuza kwa manufaa hadi kiasi gani, na aeleze kwa nini isizidi hapo. Kanuni ya kawaida ni takriban mara 2 kwa kila milimita moja ya kipenyo, yaani mara 120 kwa darubini hiyo. Zaidi ya hapo picha inazidi kuwa kubwa, hafifu, na yenye ukungu, kwa kuwa mwanga ulioingia ni uleule na umetandazwa mahali pakubwa zaidi. Mwenye kulielewa hilo ataeleza pia kwa nini kioo cha milimita 200 hukusanya mwanga mara nne ya kioo cha milimita 100, na hatadanganywa dukani.

Kabla sijaingia katika sehemu ya nje, naomba tukubaliane kwamba maswali nayo yapimwe. Swali walilolipata wote halitupi habari yoyote, na swali walilolikosa wote huenda limeandikwa vibaya. Lakini lililo hatari zaidi ni lile ambalo wenye alama za juu wanalikosa na wenye alama za chini wanalipata, kwa maana hapo mwenye kujua sana ameona ugumu ambao mtunzi hakuuona. Mtahini hana budi kuwa tayari kujikagua. Mradi wa Galaxy Zoo, ulioanza mwaka 2007, uliwaalika watu wa kawaida waainishe maumbo ya karibu galaksi 900,000 kutoka katika picha, na miongoni mwa mambo waliyoulizwa ni mwelekeo ambao mikono ya galaksi inazunguka. Ilionekana kwamba galaksi zinazozunguka kinyume na mishale ya saa ni nyingi kupita zile nyingine, jambo ambalo lingekuwa ajabu kubwa. Watafiti wakazigeuza baadhi ya picha kama zinavyoonekana kwenye kioo na kuwaonyesha watu tena. Mwelekeo uleule ukazidi kuchaguliwa. Tofauti ilikuwa ndani ya watazamaji, na wangeweza kuitangaza kuwa sifa ya ulimwengu kama wasingelipima jaribio lao wenyewe.

Swali moja tu katika jaribio letu litakuwa la lazima, kwa maana kwamba anayelikosa hatapewa cheti hata akipata mengine yote. Nalo ni hili: kichujio cha kutazamia Jua huwekwa wapi kwenye darubini? Jibu ni mbele, mahali mwanga unapoingilia, kamwe si kwenye lenzi ya jicho, ambapo joto lililokusanywa linaweza kukipasua ghafla wakati jicho la mtu liko palepale. Atakiwe kuongeza kwamba miwani ya kutazamia kupatwa kwa Jua haitumiki pamoja na darubini ya aina yoyote. Katika mambo mengine yote ya falaki mtu anaweza kukosea leo na kujirekebisha mwaka ujao.

Sehemu ya mwisho itafanyika nje, na hiyo ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha jaribio. Wanafalaki huupanga mwangaza wa nyota kwa madaraja, ambapo namba ndogo ni ya nyota angavu zaidi, na tangu pendekezo la Norman Pogson la mwaka 1856 tofauti ya madaraja 5 huhesabiwa kuwa sawa na mwangaza wa mara 100. Kuujua mfumo huo kwa maneno ni rahisi. Kuutumia ni kazi nyingine: mtu anatafuta nyota mbili zenye mwangaza unaojulikana, moja ikiizidi kidogo ile anayoipima na nyingine ikizidiwa nayo, kisha anaamua kwa jicho nyota yake imesimama wapi kati ya hizo mbili. Ndivyo wanavyofanya wanachama wa chama cha watazamaji wa nyota badilifu kilichoanzishwa Marekani mwaka 1911, ambao makadirio yao, yaliyokusanywa kutoka pande nyingi za dunia, hutumiwa na wataalamu katika tafiti zao.

Nyota tutakayoipima ni Algol, katika kundinyota la Perseus. Kwa kawaida ina mwangaza wa daraja la 2.1, lakini kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49 hufifia hadi daraja la 3.4, na tangu inapoanza kufifia mpaka inaporejea katika hali yake hupita takriban saa kumi. Mwaka 1783 John Goodricke, kijana wa miaka 18 wa mji wa York nchini Uingereza, ambaye alikuwa kiziwi na hakuwa mtaalamu wa kuajiriwa, aliwasilisha vipimo vyake vya kufifia huko na kupendekeza kwamba huenda kuna gimba kubwa linaloizunguka Algol na kuikinga mara kwa mara. Alipewa nishani ya Copley mwaka huohuo, na miaka mingi baadaye wazo lake likathibitishwa: Algol ina mwenzake asiyeng'aa sana anayepita mbele yake kila mzunguko.

Kila mtahiniwa atapewa ramani ndogo yenye Algol na nyota za kulinganishia, zikiwa zimeandikwa madaraja yake, lakini hataambiwa kama usiku huo Algol inatarajiwa kufifia au la. Atakadiria mwangaza wake kila baada ya nusu saa, ataandika saa na kadirio bila kufuta la awali, kisha ataeleza kwa sentensi chache anachodhani kinatokea na ni ushahidi gani ungemfanya abadili mawazo. Atapewa alama kwa kadirio lisilopotoka zaidi ya nusu daraja, na alama nyingi zaidi kwa maelezo, hata kama usiku huo nyota haikubadilika kabisa na yeye akasema wazi kwamba haikubadilika. Mawingu yakitanda, sehemu hiyo itaahirishwa hadi usiku mwingine ulio safi, wala haitabadilishwa kuwa maswali ya kuandika. Ramani ziko kwa Katibu, na wanaotaka kuzitumia kwa mazoezi wanaweza kuzichukua baada ya kikao hiki.